Kipaji Peke Yake Hakitoshi: Funzo katika Maisha ya George Best



Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha habari za ini katika Kidato cha Pili. Kijana mmoja, ambaye ni mshambuliaji hodari wa timu yetu, alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Nilipomwamsha na kumwuliza kazi ya ini, alisimama kwa adabu akanijibu, "Samahani, Mwalimu. Mimi nitacheza mpira. Ini litanisaidia nini uwanjani?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi, kwa sababu ambayo nitaieleza karibu na mwisho wa makala hii.

Nimeona vema nimjibu kijana yule hapa, mbele ya shule nzima. Nitawasimulia habari za mtu aliyekuwa na miguu ambayo sisi sote hatutakuwa nayo, na ambaye ini ndilo lililomwangusha. Mtu huyo ni George Best wa Ireland ya Kaskazini. Someni polepole, kwa maana mwishoni nina maswali.

UTOTO WAKE

George Best alizaliwa tarehe 22 Mei 1946 katika mji wa Belfast. Baba yake, Dickie, alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kuunda meli cha Harland and Wolff, ndicho kile kilichounda meli ya Titanic. Mama yake, Ann, alikuwa mchezaji mzuri wa mpira wa magongo. Hawakuwa matajiri wala hawakuwa mafukara. Walikuwa watu wa kazi, waliokaa katika mtaa wa watu wa kazi.

Yafaa mjue kwamba mtoto huyu hakuwa mjinga. Alifaulu mtihani wa kuingia katika shule ya watoto wateule, mtihani uliowashinda watoto wengi wa mtaani kwake. Lakini shule ile ilicheza raga, haikucheza kandanda, na rafiki zake walikuwa wamekwenda shule nyingine. Akaanza kutoroka. Mwishowe ikabidi ahamishwe, akapelekwa shule ya kawaida alikokuwa na mpira na rafiki zake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza George Best kukimbia jambo lisilompendeza. Haikuwa mara ya mwisho, kama mtakavyoona.

Katika mpira, hata hivyo, hakuwa mvivu hata kidogo. Alicheza peke yake kwa mpira mdogo wa tenisi, akiupiga ukutani na kuupokea tena, mpaka giza likaingia. Aliuzoeza mguu wake wa kushoto hata watu wakashindwa kujua ni upi mguu wake wa asili. Mtu anaposema, "Yule amezaliwa nacho," akumbuke ukuta ule na mpira ule mdogo. Kipaji alizaliwa nacho. Ustadi aliufanyia kazi.

KUKATALIWA NA KUKUBALIWA

Timu ya Glentoran, iliyo karibu na kwao, ilimwona ikamkataa kwa sababu alikuwa mdogo na mwembamba. Lakini mzee mmoja aliyewatafutia Manchester United vijana, jina lake Bob Bishop, alimwona mtoto wa miaka 15 akicheza, akampelekea habari meneja Matt Busby kwamba amempata mtu mwenye kipaji kisicho na kifani.

Basi mwaka 1961 kijana akapanda meli kwenda Uingereza pamoja na mwenzake, Eric McMordie. Hawakukaa. Upweke uliwashika, wakarudi Belfast mara moja. Baba yake hakumpiga wala hakumcheka. Alizungumza na Busby, akampa mtoto nafasi ya kufikiri, naye kijana akarudi Manchester kwa hiari yake. Wazazi wanaosoma gazeti hili waone hekima ya fundi huyu.

Kwa sheria za siku zile, kijana kutoka Ireland ya Kaskazini hakuruhusiwa kuandikwa kuwa mwanagenzi wa timu ya Uingereza. Kwa hiyo alipewa kazi ya utarishi katika ofisi za mfereji wa meli wa Manchester, akawa anafanya mazoezi ya mpira baada ya kazi. Siku alipotimiza miaka 17, tarehe 22 Mei 1963, alitia sahihi ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Tarehe 14 Septemba mwaka ule ule alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya West Bromwich Albion.

MIAKA YA NEEMA

Yapasa kukumbuka aliingia katika nyumba ya namna gani. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyochukua timu ya Manchester United ilianguka huko Munich. Watu 23 walikufa, na wanane kati yao walikuwa wachezaji. Mmoja wao, Duncan Edwards, alikuwa na miaka 21 tu, na wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote wa rika lake. Busby mwenyewe aliponea chupuchupu. Kwa miaka kumi alijenga timu upya, na katika jengo hilo Best akawa nguzo mojawapo, pamoja na Bobby Charlton na Denis Law.

Walitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1965, wakautwaa tena mwaka 1967. Machi 1966 walikwenda Lisbon kucheza na Benfica, timu ya Eusébio, mwana wa jirani zetu wa Msumbiji. Benfica walikuwa hawajazoea kushindwa nyumbani kwao. Best, kijana wa miaka 19, alifunga mabao mawili kabla mchezo haujafika robo saa, na United wakashinda kwa mabao 5 kwa 1. Magazeti ya Ureno yakamlinganisha na waimbaji wa Beatles kwa sababu ya nywele zake ndefu.

Tarehe 29 Mei 1968, katika uwanja wa Wembley, timu hizo zikakutana tena katika fainali ya Kombe la Ulaya. Dakika 90 zilikwisha kwa sare ya 1 kwa 1. Katika muda wa nyongeza Best aliupata mpira, akampita mlinzi, akampita na mlinda mlango, akausukuma wavuni. United wakashinda 4 kwa 1, wakawa timu ya kwanza ya Uingereza kulitwaa kombe hilo. Mwaka huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Wasomaji, simameni hapo kidogo. Miaka 22! Mtu wa umri huo kwetu aghalabu angali chuoni. Naye alikwisha fika juu ya mlima. Baada ya siku ile hakushinda tena kombe kubwa lolote akiwa na Manchester United.

FEDHA NA SIFA

Ilikuwaje? Wengine hujibu kwa neno moja: ulevi. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi, nasi hatupendi majibu yasiyotosha.

Kwanza, mpaka Januari 1961 mchezaji wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma. Wachezaji waliishi kama mafundi wa viwandani, wakipanda basi pamoja na watu waliokuja kuwatazama. Sheria hiyo ilipoondolewa, mishahara ikaanza kupanda. Best alifika Manchester mwaka ule ule. Kwa hiyo alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kabisa kupata fedha na sifa za namna ile, na hapakuwa na mzee aliyekwisha pita njia hiyo wa kumwambia, "Mwanangu, hapa pana shimo." Barua zilimjia kwa maelfu. Alifungua maduka ya nguo, picha yake ikatumiwa kuuza bidhaa. Alijijengea nyumba yenye madirisha makubwa ya vioo, na watu wakawa wanakwenda kuichungulia kama bustani ya wanyama.

Pili, timu yenyewe ilizeeka. Busby aliacha umeneja mwaka 1969, na waliomfuata hawakuweza kulijaza pengo lake. Best, ambaye hakupenda kushindwa, alijiona anabeba mzigo peke yake. Bado alikuwa na siku za ajabu: Februari 1970, akitoka katika adhabu ya kufungiwa, aliwafunga Northampton mabao 6 katika mchezo mmoja. Lakini siku hizo zikaanza kuwa chache.

Tatu, ile tabia ya utotoni ilirudi. Januari 1971 hakulipanda garimoshi la kwenda London, ambako timu ilikuwa na mchezo dhidi ya Chelsea. Alikosa mazoezi mara nyingi. Mei 1972, akiwa Hispania, alitangaza kwamba ameacha mpira, kisha akarudi. Akaondoka tena, akarudi tena. Mchezo wake wa mwisho kwa Manchester United ulikuwa tarehe 1 Januari 1974, nao walifungwa na Queens Park Rangers mabao 3 kwa bila. Alikuwa na miaka 27. Msimu ule timu ilishuka daraja.

Kila mara aliporudi alisamehewa, kwa sababu mabao yake yalihitajiwa. Neno hili liwekeni moyoni, nitalirudia.

TUPIGE HESABU

Wako wasemao kwamba mtu aliyetwaa Kombe la Ulaya na kuitwa bora wa Ulaya hawezi kusemwa amepoteza kipaji. Hoja yao ina nguvu, basi tuipime kwa hesabu.

Best aliichezea Manchester United michezo 470, akafunga mabao 179, katika muda wa kadiri ya miaka kumi. Hiyo ni kama michezo 47 kwa mwaka, na mabao 38 katika kila michezo 100. Mwenzake Bobby Charlton, aliyenusurika Munich, aliichezea timu hiyo hiyo mpaka alipokuwa na miaka 35: michezo 758, mabao 249. Tuseme Best angalicheza mpaka miaka 33 tu kwa kadiri ile ile. Miaka sita mara michezo 47 ni michezo 282, na mabao yake yangalikuwa kama 107. Ukijumlisha na 179 utapata 286, zaidi ya Charlton.

Hiyo ni hesabu ya kukisia, wala mtu hachezi kama saa inavyokwenda. Lakini yatuonyesha ukubwa wa shimo. Baada ya kuondoka alitangatanga: Fulham, Hibernian ya Scotland, timu tatu za Marekani, na nyingine ndogo ndogo. Nchi yake aliichezea mara 37 tu. Ireland ya Kaskazini ilipofika Kombe la Dunia mwaka 1982, yeye alikuwa na miaka 36 na hakuchukuliwa. Hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja.

JIBU LA SWALI LA INI

Sasa nimrudie kijana wangu. Ini liko upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Damu yenye chakula kutoka matumboni hupita kwanza hapo. Ini huweka akiba ya sukari, na mtu anapokimbia huitoa kidogo kidogo iingie katika damu. Kwa hiyo, kijana wangu, nguvu unayoitumia katika dakika ya 80, wakati wenzako wamechoka, sehemu yake yatoka katika ini. Ndivyo linavyokusaidia uwanjani.

Kazi nyingine ya ini ni kuondoa sumu, na pombe ni mojawapo. Kazi hiyo huifanya polepole, wala hakuna kahawa wala maji baridi yawezayo kuiharakisha. Mtu akinywa sana kwa miaka mingi, kwanza mafuta hujaa katika ini. Kisha ini huvimba. Mwisho nyama nzima hufa na makovu hushika mahali pake. Ini lina sifa ya ajabu ya kuweza kuota tena, lakini makovu yakienea, sifa hiyo hushindwa. Nalo halipigi kelele mapema. Mtu huweza kujiona mzima huku linaharibika.

Best alipata kila onyo. Mama yake mwenyewe aliingia katika ulevi, akafa mwaka 1978. Mwaka 1984 yeye alihukumiwa kifungo, baada ya kuendesha gari akiwa amelewa na kumpiga askari. Julai 2002 madaktari wa London walimwekea ini la mtu mwingine. Mwaka uliofuata akaanza kunywa tena. Mtu aliyewekewa kiungo kigeni hupewa dawa za kuupunguza ulinzi wa mwili ili mwili usikikatae; na ulinzi ukipungua, maradhi huingia kwa urahisi. Mwaka 2005 maambukizo yalimshinda. Alikufa tarehe 25 Novemba, umri wa miaka 59. Siku chache kabla, aliruhusu picha yake kitandani ichapishwe gazetini, akiomba watu wasife kama yeye. Watu wengi mno walisimama njiani mvuani siku ya maziko yake Belfast, naye akazikwa karibu na mama yake.

Sisemi haya ili mumcheke. Ulevi ukimshika mtu huwa ugonjwa, na mgonjwa hachekwi. Nasema ili mjue kwamba ugonjwa huu hauogopi kipaji.

MWINGINE WA BELFAST

Mzee Bob Bishop alimpata kijana mwingine Belfast, Norman Whiteside. Mwaka 1982 Whiteside alicheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 17 na siku 41, akivunja rekodi ya Pelé ya mwaka 1958 ya mchezaji mdogo kuliko wote. Mwaka 1985 alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA, Manchester United walipowashinda Everton. Lakini magoti yake yaliharibika, na akiwa na miaka 26 ilimlazimu kuacha mpira. Sisemi alikuwa malaika. Ila alirudi darasani, akakaa na vijana wadogo kuliko yeye, akasoma, akawa mtaalamu wa kutibu miguu. Miguu yake ilipomkatalia, akaponya miguu ya wengine. Mpira ulimwacha mapema kuliko ulivyomwacha Best, lakini haukumwacha mikono mitupu.

DENI LANGU

Sasa nieleze kwa nini sikulala usiku ule. Katika shule niliyofundisha kabla ya kuja hapa nilikuwa na winga wa kulia. Sijaona mwingine kama yeye. Nilimwondoa katika masomo ya jioni ili apumzike. Mwalimu wa Hisabati alipolalamika, nilimwambia, "Mwache, bwana, huyu anatuletea kikombe." Na kweli alituletea. Nilipigwa picha nimekishika.

Kijana hakufaulu Kidato cha Nne. Timu moja ikamchukua. Kabla ya miaka miwili goti likamwuma, na timu ikaacha kumlipa. Mwaka jana nilishuka katika stendi ya mabasi, mpiga debe mmoja akaja mbio akichechemea, akanipokea mzigo. "Shikamoo, Mwalimu!" Alikuwa yeye. Aliubeba mzigo wangu mpaka njiani, akakataa fedha. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulinipenda sana."

Nilimpenda, ni kweli. Lakini nilikipenda kikombe zaidi. Nilimsamehe kila kosa kwa sababu mabao yake yalihitajiwa.

Kwa hiyo muhula huu nimeweka sharti: hachezi mtu Jumamosi asiponionyesha Ijumaa madaftari yake yaliyosahihishwa. Juma la pili kijana wa Kidato cha Pili hakuyaleta. Nilimweka nje, tukafungwa mabao 2 kwa 1. Wengi walinung'unika, hata baadhi ya walimu wenzangu. Yeye mwenyewe hajanikunjulia uso mpaka leo. Hata hivyo Ijumaa iliyofuata aliyaleta madaftari, akayaweka mezani bila neno, akaondoka. Somo la ini lilikuwa limeandikwa lote, na mchoro wake ulikuwa mzuri.

Mwanangu, miguu yako ni mali yako, nami natamani kukuona siku moja katika timu ya taifa. Lakini mimi ni mwalimu wako mzima, si wa miguu yako tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; nami nimekwisha onja tembo la namna hiyo, sitaki kulionja tena.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini sababu ya "ulevi" peke yake haitoshi kueleza anguko la Best? Taja sababu nyingine mbili.
2. Baba yake Best alifanya nini mwanawe alipotoroka Manchester? Wewe ungalifanyaje?
3. Eleza jinsi ini linavyomsaidia mchezaji katika dakika za mwisho za mchezo.
4. Piga hesabu upya: kama Best angalicheza mpaka miaka 30 tu, angalifunga mabao mangapi kwa jumla?
5. Ni nani mwenye kosa mchezaji anaposamehewa kila mara: yeye, au wanaomsamehe? Jadilianeni bwenini, mniletee majibu.

Mwalimu wa Michezo na Biolojia